MVUA ZA MASIKA NA BUSTANI YA NYUMBANI

Utangulizi

Umekwisha kujifunza kwamba mbegu huhitaji vitu vitatu ili iote: maji, hewa na joto. Sehemu nyingi za nchi yetu hupata joto la kutosha karibu mwaka mzima. Hewa nayo imo katika udongo uliolimwa vizuri. Kitu kinachokosekana mara kwa mara, au kinachokuja kwa wingi kupita kiasi, ni maji.

Bustani ya nyumbani ni ndogo, lakini kazi yake ni kubwa. Mchicha, kunde, bamia, nyanya na matembele huupa mwili vitamini na madini. Nyumba yenye bustani nzuri hainunui mboga kila siku. Bustani ikiharibika, mboga hukosekana mezani, au fedha zilizowekwa kwa matumizi mengine hulazimika kwenda sokoni.

Katika sura hii tutajifunza kwa nini masika hayaanzi siku ileile kila mwaka, jinsi jambo hilo linavyoathiri mimea ya bustani, na njia za kuikinga bustani isipate hasara.

Masika ni nini?

Tanzania ina sehemu zinazopata mvua mara mbili kwa mwaka. Sehemu hizo ni ukanda wa pwani, nyanda za juu za kaskazini-mashariki na maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria. Huko mvua za vuli hunyesha kati ya mwezi wa Oktoba na Desemba, na mvua za masika hunyesha kati ya mwezi wa Machi na Mei. Sehemu nyingine, kama Dodoma, Singida, Tabora, Iringa na Ruvuma, hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili au Mei.

Kiasi cha mvua pia hutofautiana. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida. Dodoma hupata milimita 600 hivi.

Kwa nini masika hayaji siku moja kila mwaka?

Jua linapowaka karibu na utosi, ardhi na bahari hupata joto jingi. Hewa yenye mvuke hupanda juu, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa matone ya maji. Hivyo ndivyo mawingu na mvua vinavyofanyika. Mnamo tarehe 20 au 21 Machi kila mwaka, jua la adhuhuri huwa juu ya ikweta kabisa. Wakati huo mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua kutoka kusini kwenda kaskazini, nao hupita juu ya nchi yetu.

Wakati huohuo pepo hubadilika. Tangu Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi, upepo unaotoka upande wa kaskazini-mashariki. Baadaye huvuma kusi, upepo unaotoka upande wa kusini-mashariki. Masika hunyesha hasa wakati upepo mmoja unapomwachia nafasi mwenzake.

Safari ya jua haibadiliki. Basi kwa nini mvua hubadilika? Sababu ni kwamba pepo na mawingu hutegemea pia joto la bahari. Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mvuke huelekea mahali pengine. Vimbunga vya baharini navyo huweza kuvuta hewa yenye unyevu na kuipeleka mbali. Mwezi wa Machi 2019 kimbunga kilichoitwa Idai kilipiga Msumbiji. Kilivuta hewa yenye unyevu kuelekea huko, na mvua zikachelewa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Mwaka mwingine mambo hugeuka. Mwaka 2022 masika yalikuwa hafifu sana kaskazini na mashariki ya Kenya, na ukame ukaendelea. Mwezi wa Aprili 2024 mvua zilikuwa nyingi mno, na mafuriko yakafunika mashamba na nyumba katika bonde la Mto Rufiji.

Jambo jingine ni joto la dunia. Tangu kati ya karne ya 19 dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii 1 ya Sentigredi, hasa kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kufyeka misitu. Hewa inapoongezeka joto kwa digrii 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo mvua kubwa inaponyesha, huweza kuwa kubwa zaidi kuliko zamani.

Mvua ya kwanza na mbegu

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mvua ya siku moja si dalili ya kutosha kwamba masika yameanza. Hebu tufanye jaribio tuone jinsi mbegu inavyodanganyika.

Jaribio la 1: Kuchunguza mbegu zinazopata maji kwa njia mbalimbali

Vifaa: makopo manne yanayolingana, msumari, udongo wa kichanga uliokauka, mbegu 20 za maharagwe, maji, kikombe cha chai.

Njia:
1. Toboa matundu madogo chini ya makopo matatu. Yaandike A, B na C. Kopo la nne usilitoboe. Liandike D.
2. Jaza udongo katika kila kopo, ukiacha nafasi ya vidole viwili juu.
3. Panda mbegu 5 katika kila kopo, kwa kina cha sentimita 3.
4. Yaweke makopo yote barazani, mahali panapopata jua lakini pasiponyeshewa na mvua.
5. Kopo A: tia nusu kikombe cha maji kila asubuhi.
6. Kopo B: tia nusu kikombe cha maji kila asubuhi kwa siku 4 za kwanza tu. Kisha acha mpaka siku ya 15.
7. Kopo C: usitie maji kabisa mpaka siku ya 15.
8. Kopo D: tia maji mpaka yasimame juu ya udongo, na uongeze kila yanapopungua.
9. Kuanzia siku ya 15, tia maji katika makopo A, B na C kila asubuhi mpaka siku ya 24.
10. Kila siku andika katika daftari lako idadi ya miche unayoiona, na hali ya majani yake.

Tahadhari: Maji yaliyotuama huzaa mbu. Mwaga maji ya kopo D kabla ya siku ya 7, kisha fukua mbegu zake uzitazame.

Matokeo: Kwa kawaida utaona mambo yafuatayo. Katika kopo A, miche hutokeza baada ya siku 5 mpaka 8, nayo huendelea kukua. Katika kopo B, miche huanza kama ya kopo A, kisha hunyauka na kukauka. Maji ya siku ya 15 hayaifufui, isipokuwa labda mche mmoja au miwili. Katika kopo C, hakuna kitu kinachoota mpaka maji yanapotiwa, na baada ya hapo mbegu huota vizuri. Katika kopo D, mbegu hulainika, huoza na kutoa harufu mbaya.

Linganisha kopo B na kopo C. Mbegu za kopo C hazikupata hata tone la maji kwa siku 14, nazo zilibaki hai. Mbegu za kopo B zilipata maji zaidi kuliko za kopo C, lakini ndizo zilizokufa. Kwa nini?

Maelezo: Ndani ya mbegu kavu mna mmea mchanga sana uliolala, pamoja na akiba ya chakula. Mmea huo haukui, na hupumua kidogo mno. Katika hali hiyo mbegu huweza kukaa miezi mingi bila kufa. Mbegu inapopata maji huyanyonya na kuvimba. Ganda hupasuka, na mzizi hutokeza. Hapo mmea mchanga umeamka. Huanza kutumia akiba yake ya chakula, na huhitaji maji kila siku.

Kabla mzizi haujatokeza, mbegu nyingine huweza kukauka tena bila kufa. Lakini mzizi ukiisha kutokeza, mmea hauwezi kurudi kulala. Ukikosa maji hufa. Kwa ufupi, mbegu huamka mara moja tu. Ndiyo sababu mvua chache za kwanza, zikifuatwa na jua kali, huweza kuleta hasara kubwa kuliko kukosa mvua kabisa.

Mfano wa nyumba mbili

Tuseme kuna nyumba mbili jirani huko Muheza, katika Mkoa wa Tanga. Kila nyumba ina kibaba kimoja cha mbegu za kunde na matuta matatu. Tarehe 10 Machi jioni mvua ikanyesha. Asubuhi yake, watu wa nyumba ya kwanza walipanda kunde zao zote.

Katika nyumba ya pili, mtoto wa darasa la tano alimwamkia bibi yake, kisha akamwuliza, "Bibi, mbona jirani zetu wamekwisha kupanda, na sisi bado?"

Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu, chukua jembe uchimbe hapo kwenye tuta. Udongo wenyewe utakuambia."

Mtoto akachimba. Juu udongo ulikuwa umelowa, lakini chini ya vidole vinne ulikuwa mkavu kama majivu.

"Umeona?" akasema bibi. "Mvua hii imeosha vumbi tu. Tutapanda tuta moja, kwa kuwa huenda ikaendelea. Matuta mawili yatangoja."

Mvua haikuendelea. Jua likawaka siku 16. Kunde za nyumba ya kwanza zikaota, zikanyauka, zikafa zote. Tuta moja la nyumba ya pili likafa pia. Tarehe 28 Machi masika yakaanza kwa kweli. Nyumba ya kwanza haikuwa na mbegu hata moja, ikalazimika kununua nyingine. Nyumba ya pili ilikuwa bado na theluthi mbili za mbegu zake, ikazipanda.

Zingatia kwamba bibi hakujua kama mvua ingeendelea au ingekoma. Kama ingeendelea, nyumba ya kwanza ingevuna mapema matuta yote matatu, na nyumba ya pili ingevuna mapema tuta moja. Bibi hakukisia vizuri kuliko wengine. Alipanga kazi yake ili kosa lolote la mvua lisimalize mbegu zote.

Kungoja mno nako kuna hasara. Masika huisha. Anayepanda mwishoni mwa Aprili huona maua ya maharagwe yakitoka wakati mvua zimekatika. Maua yakikosa maji hupukutika, na maganda hayafanyiki.

Jambo hilo hutokea katika nchi nyingine pia

Katika nchi za Ulaya kuna majira ya baridi kali, na baada yake huja majira ya kuchipua. Huko bustani hazingoji mvua, bali hungoja joto. Mwisho wa Machi 2021 hali ya hewa nchini Ufaransa ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Mizabibu na miti ya matunda ikachipua mapema. Mwanzoni mwa Aprili usiku ukawa na jalidi, yaani unyevu ulioganda juu ya majani kwa sababu ya baridi. Machipukizi mengi yakafa.

Huko ni joto lililoamsha machipukizi, na hapa kwetu ni maji yanayoamsha mbegu. Kanuni ni ileile: kiumbe kilichoamshwa mapema hakina tena kinga kilichokuwa nayo kilipolala.

Mvua inapokuwa nyingi mno

Kati ya punje za udongo mna nafasi ndogo zenye hewa. Mizizi hupumua hewa hiyo. Mvua ikinyesha mfululizo na maji yakatuama, nafasi hizo hujaa maji na hewa hutoka. Mizizi ikikosa hewa hushindwa kufanya kazi yake ya kunyonya maji. Kwa hiyo huenda ukaona mmea umesimama ndani ya maji na majani yake yamenyauka kama ya mmea wenye kiu. Usiumwagilie. Uchimbie mfereji.

Mvua nyingi huharibu bustani kwa njia nyingine pia:

(a) Maji yanapozama chini huchukua chumvichumvi zinazolisha mimea. Majani ya chini hugeuka manjano.

(b) Matone makubwa huurusha udongo juu ya majani. Udongo huo huweza kuwa na viini vya magonjwa.

(c) Miche iliyosongamana kitaluni hushikwa na ugonjwa uitwao kinyausi. Shina huoza karibu na udongo, na mche huanguka.

(d) Majani ya nyanya yanapokaa na unyevu muda mrefu hushambuliwa na ukungu. Madoa meusi hutokea, na majani hukauka.

(e) Maji yanayotiririka huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba nyingi.

Jua na mvua vinapopishana

Huenda umewahi kuona nyanya iliyopasuka ikiwa bado mtini. Hii ni kazi ya mvua isiyo na mpango. Wakati wa ukame tunda hukua polepole, na ngozi yake hukomaa na kuwa ngumu. Mvua kubwa ikija ghafula, mizizi hunyonya maji mengi kwa wakati mmoja. Nyama ya tunda huvimba upesi kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Ngozi hupasuka, na wadudu na kuvu hupata mlango wa kuingilia.

Nyanya huweza pia kuoza kitako. Doa jeusi hutokea upande wa chini wa tunda. Ugonjwa huu hautokani na mdudu. Hutokea tunda linapokosa madini ya kalisi. Madini hayo husafirishwa ndani ya mmea na maji, kwa hiyo maji yakija leo na kukatika kesho, kalisi haifiki ya kutosha.

Wakati wa jua kali wadudu wadogo waitwao vidukari huzaliana upesi kwenye machipukizi ya kunde na mboga za majani. Mvua kubwa huwaangusha, lakini jua likirudi, wale waliosalia huanza kuzaliana tena.

Kupima mvua

Mtu asemapo, "Jana mvua ilikuwa kubwa," hatujui ni kubwa kiasi gani. Sayansi hutaka kipimo. Mvua hupimwa kwa milimita.

Jaribio la 2: Kutengeneza kipimamvua

Vifaa: chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, kisu, changarawe, karatasi yenye alama za milimita, gundi ya utepe isiyopenya maji, maji.

Njia:
1. Mwombe mtu mzima akate chupa pale inapoanza kuwa nyembamba.
2. Tia changarawe kidogo chini ya chupa ili isiangushwe na upepo.
3. Geuza kipande cha juu, bila kifuniko, kikae ndani ya chupa kama faneli.
4. Bandika karatasi ya alama ubavuni, na uifunike yote kwa utepe.
5. Tia maji mpaka yafunike changarawe na kufika kwenye alama ya 0.
6. Weka kipimamvua mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa.
7. Soma kipimo kila siku saa 3 asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa nchini hupima. Kisha mwaga maji yaliyozidi mpaka yarudi kwenye alama ya 0.

Hesabu: Milimita 1 ya mvua inayoanguka juu ya meta mraba 1 ni sawa na lita 1 ya maji. Chukua tuta lenye urefu wa meta 4 na upana wa meta 1. Eneo lake ni meta mraba 4. Mvua ya milimita 5 huliletea tuta hilo lita 4 × 5, yaani lita 20, ambazo ni sawa na ndoo moja kubwa. Katika siku za jua kali, mboga zilizokwisha kukua huweza kutumia karibu milimita 5 za maji kwa siku. Sasa unaweza kujua mvua ya jana imekupunguzia ndoo ngapi za kuchota.

Kipimo cha kuanza kwa masika: Kipimo kimoja kinachotumiwa na wataalamu kina sehemu mbili. Kwanza, zinyeshe milimita 20 au zaidi katika siku 3 zinazofuatana. Pili, katika mwezi unaofuata kusitokee siku 10 mfululizo zisizo na mvua. Sehemu ya kwanza unaweza kuipima mwenyewe. Sehemu ya pili haiwezi kujulikana siku ya kupanda. Ndiyo maana mkulima mwangalifu hapandi mbegu zake zote siku moja, hata baada ya kupata milimita 20.

Njia za kuikinga bustani

1. Sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa msimu kabla ya masika kuanza, na utabiri wa kila siku pia. Utabiri wa msimu husema kama mvua zinatarajiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Utabiri si ahadi, bali husaidia kupanga kazi.

2. Pima udongo kwa mkono. Chimba mpaka kina cha kiganja. Chukua udongo ukaufinye. Ukimeguka kama unga, bado ni mkavu. Ukitoa maji, umelowa mno. Ukishikamana kuwa donge, na donge likavunjika ukiligusa kwa kidole, unafaa kupandwa.

3. Panda kwa mafungu. Gawa mbegu katika mafungu matatu. Panda fungu la kwanza baada ya mvua ya kutosha, la pili baada ya siku 7 mpaka 10, na la tatu baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.

4. Tumia kitalu. Nyanya na biringanya huanzia kitaluni, mahali padogo panapoweza kumwagiliwa kwa maji machache na kuwekewa kivuli. Miche huhamishwa mvua zinapotulia.

5. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Matandazo hupunguza maji yanayopotea kwa jua, na huzuia matone ya mvua yasiurushe udongo. Yasiguse shina la mmea.

6. Tia samadi iliyooza au mboji. Udongo wa kichanga wenye mboji hushika maji zaidi. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji hupitisha maji na hewa vizuri zaidi.

7. Inua matuta na chimba mifereji. Mifereji ipitishe maji polepole kukingama mteremko, isiyatelemshe kwa kasi.

8. Changanya mimea. Mchicha huweza kuvunwa baada ya wiki 3 au 4, kwa hiyo unafaa hata kwa mvua fupi. Muhogo huvumilia ukame, na majani yake hutupa kisamvu. Matembele hupenda unyevu. Mmoja ukishindwa, mwingine hutoa mboga.

9. Weka akiba ya mbegu. Usitoe mbegu zote ghalani mpaka uone mimea imesimama imara.

Mambo ya kukumbuka

Masika hutegemea jua, pepo na joto la bahari, kwa hiyo hayaanzi tarehe ileile kila mwaka.

Mbegu kavu huweza kungoja. Mbegu iliyokwisha kutoa mzizi haiwezi kungoja.

Mizizi huhitaji hewa. Maji yaliyotuama huifukuza hewa udongoni.

Maji yanayokuja kwa vipindi visivyo sawa hupasua nyanya na kuzifanya zioze kitako.

Hatuwezi kuiamuru mvua. Tunaweza kupima, kugawa mbegu, kufunika udongo na kuweka akiba.

Maswali

1. Taja sehemu tatu za Tanzania zinazopata masika na vuli.

2. Kwa nini mbegu za kopo B zilikufa, na zile za kopo C zikabaki hai?

3. Mmea umesimama katika maji, lakini majani yake yamenyauka. Eleza sababu.

4. Eleza kwa nini nyanya hupasuka mvua kubwa inapofuata ukame.

5. Mwanafunzi aliandika kipimo cha mvua cha wiki moja hivi: Jumatatu milimita 0, Jumanne 12, Jumatano 0, Alhamisi 3, Ijumaa 14, Jumamosi 8, Jumapili 0.
(a) Jumla ya mvua ya wiki nzima ni milimita ngapi?
(b) Ni siku gani ambapo mvua ya siku 3 zinazofuatana ilifika milimita 20 kwa mara ya kwanza?
(c) Katika siku hizo 3, tuta lenye eneo la meta mraba 4 lilipata lita ngapi za maji? Ni ndoo ngapi za lita 20?

6. Je, ungemshauri mwanafunzi huyo apande mbegu zake zote Jumapili? Toa sababu za jibu lako.

Kazi ya kufanya

Tengenezeni kipimamvua cha shule. Andikeni kipimo cha kila siku kwa msimu mzima. Katika bustani ya shule pandeni matuta matatu ya mchicha kwa kupishana siku 7. Funikeni nusu ya kila tuta kwa matandazo, na nusu iacheni wazi. Mwisho wa msimu linganisheni mavuno. Andikeni tarehe ya kupanda, mvua iliyopatikana na mafungu ya mboga yaliyovunwa. Tunzeni daftari hilo, ili wanafunzi wa darasa la tano la mwaka ujao waweze kulinganisha masika yao na yenu.